Badiliko la kiumbo au la kikemikali? Tuache kukariri, tuangalie yanayotokea hapa Mwanza

Mwana wa Igogo (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Mwangaluka kwa walioko kanda ya ziwa.

Naleta hoja hii kwa wazazi, walimu, wanafunzi na yeyote anayefanya kazi za mikono. Madaftari ya sayansi ya watoto wetu yana mstari mmoja unaojirudia shule hadi shule: badiliko la kiumbo linaweza kurudishwa, badiliko la kikemikali haliwezi kurudishwa. Mtoto anaukariri, anaujibia mtihani, anapata vema yake. Ukimtoa nje ukamwonyesha jambo lenyewe linatokea, hajui aliweke upande gani.

Mstari huo ndio unaompoteza. Jabali likishapondwa kokoto, nani ataziunga kokoto zirudi kuwa jabali? Hakuna. Lakini kila kokoto ni jiwe lilelile, kwa hiyo hilo ni badiliko la kiumbo hata kama halirudi milele. Halafu chukua betri ya pikipiki. Ikitoa umeme, risasi na tindikali vilivyomo ndani vinageuka kuwa vitu vingine, na ukiichaji vinarudi vilivyokuwa. Mmenyuko wa kikemikali unakwenda na kurudi mbele ya macho yetu kila siku. Kipimo cha kurudi au kutorudi kimeanguka pande zote mbili.

Swali la kuuliza ni hili: mwisho wa jambo, kilichopo ni kitu kilekile kwa sura nyingine, au ni kitu kipya ambacho mwanzoni hakikuwepo? Basi. Mengine yote tunayofundishwa (rangi, mapovu, joto, harufu) ni mashahidi tu, na shahidi anaweza kusema uongo.

Mfano wa hapahapa kwetu. Wapasua mawe wa vilimani wakikutana na jabali ambalo nyundo imeshindwa, wanaliwashia moto juu yake, kuni au matairi chakavu, linachomwa saa nyingi. Ukisimama karibu unasikia jiwe linalia, linatoa mlio mkavu, halafu gamba la juu linabanduka kama ganda la andazi. Wengine wanamwagia maji likiwa bado la moto ili lipasuke zaidi. Ukimwuliza mwanafunzi atakwambia pana moto, pana moshi, jiwe limekuwa jeusi, halirudi, kwa hiyo ni kikemikali.

Yapo mabadiliko mawili pale, na yanakwenda kinyume. Kuni zinaungana na oksijeni ya hewani, zinabaki majivu, mvuke wa maji na kabonidayoksaidi. Kuni hazipo tena. Hilo ni la kikemikali. Lakini jiwe? Mawe yetu ni matale, yaani punje za madini tofauti zilizoshikamana, na kila madini yanatanuka kwa kiasi chake yakipata joto. Kwazi, zile punje zinazong'aa kama kioo, zikifika nyuzijoto 573 mpangilio wake wa ndani unabadilika ghafla na kutanuka zaidi, ila inabaki kwazi. Tabaka la juu linatanuka, la chini bado la baridi, jiwe linabanduka. Weusi ni masizi ya kuni tu, yasugue yatoke. Jiwe lenyewe limebaki jiwe lilelile.

Moto mmoja, mabadiliko mawili. Mwanafunzi akilielewa hilo hatababaika tena.

Sasa hao mashahidi.

Rangi. Mchanga wa ufukweni ukilowa unakuwa mweusi zaidi, ukikauka unarudi. Hapo hakuna kipya. Bati likiwa jekundu, kipya kipo: kutu. Rangi peke yake haitoshi.

Mapovu. Maji yakichemka yanatoa mapovu, nayo ni mvuke wa maji yaleyale. (Kwetu hapa juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,135 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 96, hayafiki 100.) Lakini kamulia ndimu kwenye magadi: yale mapovu ni kabonidayoksaidi ambayo dakika moja kabla haikuwepo kama hewa mahali popote kwenye bakuli. Mapovu na mapovu, maana tofauti kabisa.

Joto. Hapa ndipo wengi wanakwama, nitakaa kidogo. Chokaa isiyozimwa ukiitia maji inafoka, inachemka yenyewe, inaweza kuunguza mkono. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo ukiitia maji, ndoo inakuwa ya moto hadi haishikiki. Zote mbili joto. Lakini ukikausha maji ya kostiki pasipo hewa kuingia, unapata kostiki yako ileile, iliyeyuka tu. Chokaa iliyozimwa ukiikausha juani hupati ile ya mwanzo, kwa sababu imeungana na maji ikawa kitu kingine. Kuirudisha mpaka uipige moto wa mamia ya nyuzijoto. Kwa hiyo joto linakwambia "simama utazame", halikwambii jibu.

Harufu huwa ni shahidi mzuri kuliko wengine, hasa harufu ambayo haikuwepo mwanzo. Na hapa naomba tusikilizane: asichanganye mtu jiki na dawa ya choo yenye tindikali. Ile harufu kali inayokata pumzi ni gesi ya klorini, kitu kipya kilichozaliwa humo chooni, na inaharibu mapafu.

Karibuni kwa maswali, leteni mifano ya kazi zenu.

---

Mama Dagaa

Asante mwanangu kwa uzi. Mimi nafanya biashara pale Mwaloni Kirumba miaka mingi. Kitukuu changu aliulizwa shuleni kukausha dagaa ni badiliko gani, akaandika kiumbo, akapewa vema. Mimi nikabaki na swali langu. Dagaa wakianikwa jua zuri siku hiyohiyo wanakuwa weupe, wanang'aa kama fedha, bei nzuri. Mvua ikiwakuta juu ya mchanga wanakuwa wa manjano kuelekea wekundu, wana harufu, wanakwenda kwenye chakula cha kuku. Wote nimewakausha. Mbona hawafanani? Nao ni kiumbo?

Mwana wa Igogo

Shikamoo mama. Swali lako ni zito kuliko la mtihani.

Kitukuu chako alijibu sawa kwa dagaa wa jua. Samaki mbichi kwa uzito ni takribani robo tatu maji. Jua na upepo vinayaondoa yale maji yakawa mvuke, mvuke ukaenda zake. Maji ni yaleyale, dagaa ni yuleyule aliyepungukiwa maji. Kazi kubwa iliyofanyika ni ya kiumbo. Ukimloweka harudi kuwa kama alivyotoka ziwani, kwa sababu protini zake zimekunjuka kidogo kwa joto na chumvi zake za ndani, lakini hilo ni dogo.

Dagaa wa mvua, mama, kwake kuna mbio mbili. Wewe unataka kutoa maji, bakteria wanataka kula kabla maji hayajatoka. Jua likiwa kali unawashinda. Mvua ikikaa, wanashinda wao: wanavunja protini za dagaa kuwa vitu vingine vyenye harufu, na hivyo vitu havikuwepo kwenye dagaa aliyetoka wavuni. Hiyo ni kemikali tupu, inafanywa na viumbe hai. Na ile rangi ya manjano kuelekea wekundu inatoka kwenye mafuta. Dagaa ana mafuta ambayo oksijeni inayashambulia kwa urahisi sana, yanachacha. Bakteria wanahitaji unyevu, oksijeni haihitaji. Ndiyo maana dagaa mkavu kabisa, ukimweka ghala lenye joto na mwanga kwa muda mrefu, bado anageuka rangi na kupata ule ukali kooni.

Kwa biashara yako hilo lina maana: ukavu unamzuia bakteria, haumzuii oksijeni. Gunia lililokaa kivulini, mahali pa baridi, limefungwa vizuri, linadumu kuliko lililoachwa wazi juani baada ya kukauka. Na chanja zinasaidia kwa sababu upepo unapita chini na juu, maji yanatoka upesi, wala mchanga hauingii.

Mama Dagaa

Marahaba. Nimekuelewa. Sisi tulikuwa tunajua jua la jioni linawaharibu wakishakauka, sababu hatukuambiwa. Na hao tunaowakaanga je?

Mwana wa Igogo

Kukaanga ni kikemikali, mama. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomvuta mtu kutoka barabarani ni vitu vipya, vinatokana na protini na sukari kidogo zikikutana na joto kali. Ila ule mlio wa kwanza dagaa wakiingia kwenye mafuta, chwaaa, ni maji yanayogeuka mvuke. Kwanza kiumbo, kisha kikemikali, kwenye karai hilohilo. Maji yakiwa bado yapo, joto la dagaa halipandi sana, hawawi kahawia. Yakiisha ndipo wanageuka.

---

Fundi Nondo

Mkuu mimi nipo Buhongwa, kazi yangu zege na tofali. Nina ugomvi na wenye nyumba. Nikimwaga zege nawaambia mwagilieni maji siku saba, wananiambia fundi wewe tumesubiri likauke unataka tulirudishie maji? Naomba unisaidie kwa lugha ya kitaalamu niwatumie hii.

Mwana wa Igogo

Fundi, uko sahihi, na huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote.

Tope la kawaida linakauka: maji yanaondoka, udongo unabaki, mvua ikija unarudi kuwa tope. Saruji haifanyi hivyo. Saruji inakula maji. Madini yake ya kalsiamu na silika yanaungana na maji na kuota fuwele ndogondogo zinazoshikana, zinashika mchanga na kokoto, na zile fuwele ndizo nguvu ya zege. Maji yanaingia ndani ya kitu kipya na kukaa humo. Zege lisipopata maji siku za mwanzo, mmenyuko unakatika katikati: nje linaonekana kavu na gumu, ndani kuna saruji ambayo haikuwahi kufanya kazi. Mwenye nyumba amelipia mfuko mzima akatumia nusu.

Ushahidi asioweza kuupinga mtu wa Mwanza upo Kigongo. Daraja lile linalokwenda Busisi, kilomita 3 hivi, nguzo zake zimesimama kwenye maji. Zege linaganda chini ya maji vizuri kabisa. Kama kuganda kwake kungekuwa kukauka, lingekauka vipi ziwani?

Shahidi wa joto naye yupo. Shika zege nene saa chache baada ya kumwagwa, utalikuta na uvuguvugu hata pasipo jua. Hilo ni joto la mmenyuko.

Lakini na nyinyi mafundi kuna jambo. Mmenyuko wenyewe unahitaji maji karibu robo ya uzito wa saruji, yaani kama lita 12 kwa mfuko wa kilo 50. Mengine tunaongeza ili zege liteleze na lifanyike kazi. Ukizidisha sana mpaka limekuwa uji, yale ya ziada hayana pa kuungana. Yanaondoka baadaye kwa kukauka na kuacha vitundu. Kwa hiyo maji ndani ya mchanganyiko kidogo, maji juu ya zege lililoshika mengi. Nguvu yake hupimwa siku ya 28, na hata baada ya hapo inaendelea kupanda polepole.

Na vaa glavu. Mmenyuko ule unazaa pia chokaa iliyozimwa, ambayo ndiyo inayokula vidole vyenu.

Fundi Nondo

Wabeja sana mkuu. Hiyo ya vidole nilidhani ni mchanga. Naituma kwenye grupu la wateja sasa hivi.

---

Mwalimu wa Zamu

Nafuatilia uzi kwa furaha, ila nakupinga kidogo mleta mada. Nafundisha kidato cha kwanza na cha pili. Unasema tuulize kama kuna kitu kipya. Sawa. Chumvi ukiitia kwenye maji, sodiamu na kloridi zinaachana, kila moja inazungukwa na maji. Chumvi ngumu haipitishi umeme, maji ya chumvi yanapitisha. Si kitu kipya hicho? Na ukoboaji tunaufundisha kiumbo, kupika ugali kikemikali, wakati wanga wa ugali unavimba na kupasuka tu. Mipaka yako imenyooka mno.

Mwana wa Igogo

Mwalimu, nashukuru. Naikubali hoja ya mpaka. Haujanyooka, na mwanafunzi mkubwa aambiwe hivyo.

Kwa chumvi nabaki upande wa kiumbo kwa sababu hii: ndani ya punje ya chumvi sodiamu na kloridi tayari ni ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Maji hayakuzitengeneza, yamezitenganisha tu zikapata nafasi ya kutembea, na umeme unapita kwa sababu zinatembea. Yeyusha chumvi kwa moto mkali pasipo tone la maji, nayo itapitisha umeme. Wala hakuna anayesema chumvi iliyoyeyushwa kwa moto ni kitu kipya. Ila nakiri wapo wanakemia wanaoliona kuyeyuka kwa chumvi kuwa liko katikati, na hoja yao ina uzito. Ugali nao ni wa katikati: punje za wanga zinanyonya maji na kufunguka, minyororo yake mirefu haikatiki. Mimi ningemwachia mwanafunzi yeyote anayetoa sababu nzuri apate alama zake, aseme kiumbo au kikemikali.

Shida yangu si mpaka, mwalimu. Shida yangu ni mtoto kuambiwa jibu pasipo kuulizwa "umejuaje?"

Na kipo kipimo ambacho shule nyingi zinaweza kukifanya: mizani. Pima misumari mipya iliyosafishwa, iache kwenye unyevu ipate kutu sana, ikaushe, ipime tena pamoja na kutu yake yote. Uzito umepanda. Watoto wanashangaa, maana wanaona kitu kimeoza, kinamomonyoka, wanategemea kipungue. Gramu 112 za chuma zikishika gramu 48 za oksijeni zinatoa gramu 160 za oksaidi ya chuma. Kitu kimetoka hewani kikaingia kwenye msumari. Lavoisier wa Ufaransa alijenga kemia yote kwa mizani namna hii, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1789. Alionyesha kwamba uzito haupotei, unahama. Chokaa ndiyo kinyume chake: kilo 100 za jiwe safi la chokaa ukizichoma tanuruni zinabaki kilo 56. Zile 44 zimepaa kama kabonidayoksaidi.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya misumari naifanya muhula huu. Nakubaliana na wewe kuhusu "umejuaje".

---

Binti wa Kwimba

Nawasalimu. Naomba niongeze michembe na matobolwa maana naona mmesahau chakula cha nyumbani. Bibi anakata viazi vibichi anaanika, hiyo michembe. Matobolwa anachemsha kwanza, ndipo anakata na kuanika. Viazi ni vya shamba moja. Matobolwa unatafuna hivihivi, ni matamu. Michembe ukiitafuna mikavu ni kama unga mdomoni, mpaka uipike.

Mwana wa Igogo

Dada, umeleta mfano bora kuliko yangu.

Michembe: maji yametoka, kiazi kimebaki kiazi, wanga wake mzima. Kiumbo. (Ukitaka kuwa makini sana, ule weusi unaojitokeza kwenye kiazi kilichokatwa kabla hakijakauka ni oksijeni inafanya kazi yake juu ya uso, hiyo ni kemikali kidogo. Ndiyo maana bibi anachagua siku yenye jua.)

Matobolwa: ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachokata wanga na kuufanya sukari. Kwenye kiazi kibichi wanga umefungamana, kimeng'enya hakiufikii vizuri. Chungu kikipata moto, kiazi kikiwa kati ya nyuzijoto 60 na 75 hivi, wanga unafunguka na kimeng'enya bado kizima, kinakata haraka. Joto likizidi sana kimeng'enya nacho kinakufa. Kwa hiyo kiazi kilichochemshwa kwa moto wa polepole kinapata muda mrefu zaidi katika joto lile, kinakuwa kitamu zaidi. Bibi akikataza kuchochea kuni kwa pupa ana sababu. Utamu wa matobolwa ni sukari ambayo shambani haikuwepo kwa kiasi kile. Kikemikali. Kuanikwa kwake baadaye, kiumbo.

Na maziwa yafuateni vivyo hivyo: maziwa kuganda ni bakteria wanageuza sukari ya maziwa kuwa asidi, kikemikali. Kuyasukasuka kwenye kibuyu mpaka siagi itoke, kiumbo, mafuta yalikuwemo tangu mwanzo yakakusanyika tu.

---

Mchenjuaji

Wakuu, mimi natoka upande wa Geita, shughuli zangu ni za dhahabu. Karasha najua ni kiumbo, jiwe linakuwa unga. Sasa zebaki. Tunaitia kwenye mchanga, inashika dhahabu, tunakamua kwenye kitambaa, tunachoma. Zebaki inapotea, dhahabu inabaki. Wenzangu wanasema zebaki imeungua imekwisha. Je, imeungua?

Mwana wa Igogo

Ndugu yangu, nakuomba uisome hii taratibu na uwasomee wenzako.

Haijaungua. Kuni zikiungua zinakuwa kitu kingine. Zebaki pale haikuwa kitu kingine, imechemka. Inachemka kwenye nyuzijoto 357, inageuka mvuke, na ule mvuke ni zebaki ileile, gramu kwa gramu. Badiliko la kiumbo. Kama unatia zebaki gramu 10 na zote zikachemka, gramu 10 zipo hewani, kwenye paa la kibanda, kwenye nguo zako na ndani ya kifua chako. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukipoa unarudi kuwa vijitone visivyoonekana kwa macho, vinashika kwenye bati na kwenye udongo, na vinaendelea kutoa mvuke hata siku ambayo hakuna anayechoma. Ukichomea ndani ya nyumba, watoto wanalala humo.

Kwa sababu ni la kiumbo, linarudishika kwa urahisi sana. Chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopita kwenye maji ya baridi, kinarudisha sehemu kubwa ya zebaki ndani ya ndoo. Hutapumua, na unaitumia tena, fedha yako haipai. Kemia ikikupa nafasi ya namna hiyo usiiache.

Inayoingia mtoni na ziwani ndiyo inayokutana na kemikali halisi. Bakteria wa kwenye tope wanaiunganisha na kaboni, inakuwa zebaki ya aina nyingine ambayo mwili wa samaki unaipokea na hauitoi kwa urahisi. Samaki mdogo ana kidogo, anayemla ana zaidi, na sangara anakula samaki wenzake. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki ya aina hiyo ulitambuliwa mwaka 1956, kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji ya kiwanda. Uliwapiga kwenye mishipa ya fahamu, na watoto walizaliwa nao.

Mchenjuaji

Mkuu hapa umenigusa. Na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya zebaki, tunayopeleka kwenye matangi ya sayanaidi? Hiyo nayo ni kuyeyuka tu?

Mwana wa Igogo

Hapana, hiyo ni kikemikali kabisa. Dhahabu inapoteza elektroni, inaungana na sayanaidi, inakuwa kitu kinachoyeyuka majini ambacho hukioni wala hakimetameti. Oksijeni lazima iwepo, ndiyo maana matangi yanapulizwa hewa. Hewa ikikatika kazi inazorota. Kisha kaboni inaidaka, inaoshwa kutoka kwenye kaboni, na umeme ndio unaoirudishia elektroni ikawa dhahabu tena. Mmenyuko umekwenda na umerudi, kama kwenye betri.

Ile chokaa mnayotia kwenye tangi ndiyo inayolinda uhai wenu. Inaweka maji kwenye pH (kipimo cha uasidi) ya 10 na zaidi, mbali na uasidi. Maji yakishuka kuelekea uasidi, sayanaidi inaungana na haidrojeni na kutoka kama gesi inayoua kwa pumzi chache. Tindikali ya aina yoyote isikaribie tangi lile, na anayepima pH asikae mbali na kipimo chake.

---

Kidato cha Pili

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili. Mtungi wetu wa gesi mama akipika muda mrefu unatoa jasho upande wa chini na unakuwa baridi, tunaogopa unavuja. Ni mmenyuko? La pili, mwalimu alisema kila mmenyuko una dalili. Ni kweli?

Mwana wa Igogo

Marahaba mwanangu.

Mtungi hauvuji kwa dalili hiyo. Ndani gesi imekaa kama kimiminika. Mama akifungua jiko kimiminika kinachemka na kuwa gesi, na ili kichemke kinavuta joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Chuma kinapoa, unyevu wa hewa unagandia nje kama umande. Mabadiliko mawili, yote ya kiumbo. Na ile mistari ya umande inakuonyesha gesi imefika wapi ndani. La kikemikali linatokea juu, kwenye jiko. Mwali ukiwa wa bluu, gesi inapata oksijeni ya kutosha. Ukiwa wa manjano na sufuria inapata masizi, haipati. Jiko lisafishwe matundu yake. Kuvuja unakupima kwa povu la sabuni kwenye maungio, si kwa kiberiti.

La pili: si kweli kwamba kila mmenyuko una dalili unayoweza kuiona au kuinusa. Mkaa ukiungua mahali penye hewa kidogo unatoa kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inakaa kwenye nafasi ya oksijeni na kuing'ang'ania, mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, anadhani ni uchovu. Jiko la mkaa lililokwisha kupika, likiwa jekundu bila moshi wowote, ndilo watu wanaloliingiza ndani usiku wa mvua ili wapate joto, kwa kuwa wanaona moshi umekwisha. Kwenu mkiwa na desturi hiyo, mwambie mama na baba leo jiko libaki nje.

Kidato cha Pili

Huwa tunaliingiza. Nimemsomea mama, amelitoa.